Kuku Wanono, Samaki Miiba

Mheshimiwa Diwani, Bwana Chifu, Mzee Patroba mkuu wa kijiji chetu, Bwana Khisa afisa wa samaki ambaye leo tunakuaga, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi kina mama wenzangu wa bwawa: mulembe!

Nimeambiwa mimi Jael Musimbi, mwenyekiti wa kina mama, nisimame nitoe shukrani kwa ufupi, kisha nikae. Nitashukuru. Lakini Mheshimiwa Diwani ametangaza sasa hivi, nanyi mkampigia makofi, kwamba bwawa letu litafukiwa kwa kuwa samaki wa kina mama hawakui. Basi mtanisamehe shukrani zangu zikiwa na miiba.

Bwawa lile lilichimbwa na nani? Si sisi, watoto mgongoni, mwaka ule wa Uhuru tulipoambiwa tujenge taifa? Na hao watoto waliovimba matumbo kwa kula obusuma, ugali wetu, na mboga tupu, si ndio walioahidiwa samaki?

Bwana Khisa, ulitufundisha vizuri, na hilo nalisema mbele ya watu. Ulisema samaki akilishwa pumba na majani peke yake atakuwa kichwa na mkia. Ulisema nyama yake hujengwa na vitu vinavyoitwa asidi amino, na kwamba vingine mwili wake hauwezi kujitengenezea, sharti avile. Ndiyo sababu ukatuletea magunia ya unga wa omena, wale dagaa wa ziwani, na damu iliyokaushwa. Somo tulilishika. Magunia je, nani aliyashika?

Magunia yalipelekwa kwa Mzee Patroba, eti yatunzwe. Nilipoyafuata nilikuta uani kwake kuku wamenona hata kutembea ni shida, wanadonoa unga wetu. Nikamuuliza, Mzee, ni nini hii? Akanijibu, "Mama, afisa anakuja kukagua bwawa. Mgeni hapewangi mboga. Wataka tuaibike?"

Mnacheka? Chekeni tu! Nani hapa asiyejua kwamba kwetu mgeni ni ingokho, ni kuku, na asipochinjiwa atatutangaza hadi Matete? Basi kila Bwana Khisa alipokuja kuuliza kwa nini samaki wamekonda, alichinjiwa kuku aliyekula chakula cha samaki. Ulikula firigisi, Bwana Khisa, ukanawa mikono, ukaenda bwawani kupima samaki, ukatikisa kichwa. Ukaagiza unga zaidi. Unga ulipozidi, kuku wakazidi, na wakaguzi nao wakazidi kuja! Mheshimiwa Diwani, wewe mwenyewe paja ulilikula. Na sisi tuliopika, ambao kwa mila za wazee kuku hatumli, tulipata nini? Moshi.

Hapana, Mzee Patroba, usininyamazishe kwa macho. Nina hasira na sitaomba radhi. Ukarimu wako ulikuwa kwa chakula cha watoto wetu, na sasa watoto hao hao wanafukiwa bwawa lao kwa kosa la samaki. Samaki amekosa nini? Umeona wapi mtu anyimwe chakula, kisha alaumiwe kwa kukonda?

Ombi langu ni moja. Liacheni bwawa. Magunia yashushwe kwa Nabwire, anayekaa pale ukingoni, unga uingie majini mbele ya macho yetu, na mkija kuvua mkute bado ni miiba, majembe nitayaleta mimi.

Naona waheshimiwa mnageukageuka kutazama jikoni. Harufu ya kuku hamwisikii kwa sababu hakuna kuku. Ndiyo, tumewaaibisha wageni, wacha mtutangaze! Tumewapikia obusuma na samaki wa bwawa letu, hao hao waliohukumiwa. Kila mheshimiwa atapewa wake mzima. Kuleni taratibu, mtoe mwiba baada ya mwiba, na atakayeshiba ndiye asimame aseme bwawa lifukiwe.

Bwana Khisa, safari njema. Asanteni nyote kwa kunivumilia. Naweni mikono, chakula ki tayari.