Ufunguo wa Mlango

Nikutegee, mjukuu wangu: mgeni gani humaliza kitanda, kabati na dari, lakini ukimpa maji anakufa? Ni moto. Asubuhi hiyo, ndani ya basi, fundi cherehani mmoja alikuwa akijisifu jinsi alivyomzibia njia.

"Shule zimefungwa, wanangu watatu wako nyumbani peke yao, lakini mimi sina wasiwasi," alimwambia mama aliyekaa naye, mpishi wa shule. "Kiberiti nimekuja nacho, pasi nimeificha, mtungi wa gesi uko kwa jirani."

"Hongera, mwanangu. Na ufunguo wa mlango umemwachia nani?"

"Hata mishumaa nimeitoa! Mume wangu ananiita askari."

"Haya, askari. Ufunguo, je?"

Fundi akacheka, akasema wale watoto ni watundu, wangeachiwa ufunguo wangeshinda barabarani.

Mpishi hakucheka. "Waya wa umeme ukiungua hauulizi kiberiti kiko wapi. Madirisha yenu si yana nondo?"

Fundi akawaona mawazoni wanawe wameng'ang'ania nondo zile. Akainuka ghafla. "Dereva, shusha!"

Basi likasimama.

"Ufunguo ninao mimi, mama," akasema, mkoba kifuani. "Nimewafungia kwa nje."