Mama Léonie Mukamugema, Aliyerudisha Asidi Kazini

Ndugu mulio hapa, mimi ni Théogène Habumugisha, mudogo wa marehemu; mimi nilimuita yaya, dada yangu mukubwa. Familia ilitafuta mutu mwenye ulimi laini asome haya. Haikumupata.

Mama Léonie Mukamugema alizaliwa tarehe 9 Mei 1970 huko Jomba, territoire ya Rutshuru, mutoto wa kwanza wa wakulima wa maharagi ambao wote wawili wametutangulia.

Shule ya msingi alisomea Jomba, sekondari Rutshuru, akapata diplome mwaka 1989. Aliposema anaenda Lubumbashi kusoma kimia, elimu ya asidi na chumvi, wajomba wetu walicheka: binti akisoma sana atakosa bwana. Kesho yake baba alimupandisha lori la Goma. Léonie alirudi 1995 na licence ya chuo kikuu, akaanza kufundisha.

Bwana alimupata pia, tena kwa ajili ya kimia. Habarurema, dereva wa lori, alifika kwa jirani yetu, asidi ya batri inamula suruali. Yaya alimumwagia ndoo nzima ya maji, akamwambia, "Papa, vua hiyo suruali mbele haijavua ngozi yako." Walifunga ndoa tarehe 21 Juni 1997. Habarurema anasema mupaka leo hakuwahi kusikia maneno ya mapenzi matamu kuliko hayo.

Mwaka 2011 aliingia kazi kwenye kiwanda cha waya na misumari, barabara ya Sake, upande wa ziwa la Lac Vert. Jina la kiwanda silitaji. Wameliandika wenyewe, kubwa, kwenye maua yao pale. Chuma kinafika na kutu. Mbele ya kuvutwa kuwa waya, kinazamishwa ndani ya asidi ya moto mupaka kiwe safi. Asidi hiyo inajaa chuma polepole, kisha inachoka, haisafishi tena. Na wakubwa wale, wenye kravati na climatiseur ya kupoza hewa, walifanya nini na asidi iliyochoka? Waliimwaga kwenye mupasuko wa jiwe nyuma ya ukuta. Directeur wao, Benny, alikuwa akisema, "Jiwe la volcan linakunywa kila kitu." Chini yake, kando ya ziwa, wamama waliochota maji walitoka vidonda miguuni, na nguo walizofua zilipasuka mikononi.

Yaya alimueleza Benny njia nyingine. Asidi iliyochoka ukiipoza sana, chuma kinashuka chini kama chumvi ya kijani. Unaitoa chumvi, unaongeza asidi mupya kidogo, na ile ya zamani inarudi kazini. Mutoto wa sekondari angeelewa. Benny alicheka mbele ya wafanyakazi: "Mama Léonie, hapa tunafanya misumari, hatupashi supu ya jana." Alicheka hivyo kwa miaka. Yaya alituambia nyumbani kwamba yule mutu anavaa kravati ili kichwa kisianguke.

Mwanzo wa 2025 vita vilipofika mujini, mapipa ya asidi yalikwama ng'ambo ya mupaka wa Bunagana. Kiwanda kikanyamaza. Hapo ndipo Benny alipojua njia ya nyumbani kwa yaya. Nilikuwepo.

"Mama Léonie, ile kazi yako ya kupoza, unaweza kuianza kesho?"

"Naweza. Mufunge kwanza ule mupasuko. Kwa beto, simenti na mawe. Na wewe ukuwe pale, mbele ya wamama wa chini."

"Hiyo ni kunidharau."

"Ndiyo, Benny."

Aliondoka bila kumaliza chai. Waliokuja nyuma yake ndio waliomuumiza yaya. Umwiza, aliyefanya naye kazi kwenye mabeseni ya asidi, alilia sebuleni. "Mama, watoto yetu watakula nini? Anza tu, watafunga kisha." Yaya alimushika mukono, akamwambia, "Akishapata asidi, hatanijua tena. Wala wewe hatakujua." Majirani wengine waliacha kumusalimu. Siku ile aliniambia, "Théogène, kama nimekosea, nimewalaza watu wangu njaa." Lakini hakurudi nyuma.

Benny ndiye aliyerudi. Alisimama kwenye matope na viatu vyake vyeupe, wamama wakimuangalia, mupaka mupasuko ukajaa beto. Siku hiyohiyo yaya alinunua barafu ya wauza samaki wa soko la Kituku, akapitisha maji yake ya baridi katika bomba zilizozungushwa ndani ya beseni. Asubuhi chumvi ya kijani ilikuwa imelala chini. Wakaitoa, wakaongeza ile asidi mupya kidogo iliyobaki ndani ya depo, na ya zamani ikarudi kazini. Umwiza na wenzake walirudi kazini, na watengeneza ngozi walikuja kuchukua chumvi ile kwa rangi nyeusi.

Kisha wageni walikuja kutembelea kiwanda. Benny aliwaeleza "mupango wetu wa mazingira", na yaya akawekwa nyuma, karibu na mafagio. Alipotusimulia alicheka mupaka akakohoa, na kikohozi hakikuisha. Moshi wa asidi ulimuingia mapafuni miaka yote ile, akisubiri maski zilizoahidiwa kila Noeli. Kiwanda kilisema ni moshi wa makala, yale makaa ya jikoni. Huyu mama alipikia umeme. Alifariki hapa Goma tarehe 3 Machi 2026, mikononi mwa bwana yake.

Ameacha bwana yake Habarurema. Watoto wawili, Dative na Igihozo. Mujukuu mumoja, Bénita. Nami mudogo wake. Ameacha pia wamama wa kando ya ziwa, waliokuja leo kwa miguu na kusimama karibu na kaburi kuliko viti vya wakubwa.

Kiwanda kiliomba kusema neno. Familia imekataa. Maua yao yabaki, yenyewe hayakukosea mutu.

Yaya, Mungu akupokee, akupumzishe mahali ambapo hewa ni safi.