Dakta Kenga Mung'aro na Hukumu ya Kurasa Sitini na Mbili

Mheshimiwa kasisi, wazee wetu mliotoka Rabai na Kaloleni, walimu wenzake marehemu, majirani wa Ganjoni, ndugu zetu Waislamu mliokubali kuketi nasi hapa leo, nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni Kazungu Mung'aro, ndugu yake marehemu niliyemfuata ziwa, karani wa bandarini, si mtu wa falsafa, na kazi niliyopewa ni kuwasomea maisha yake kama yalivyokuwa. Nakiri mbele yenu kwamba kikao cha familia cha Jumatano kiliniambia niuruke mwaka wa 1994, lakini marehemu mwenyewe aliniambia nisiuruke, na mpaka asubuhi ya leo sikuwa nimejua nimtii nani. Mtanivumilia.

Dakta Kenga Mung'aro alizaliwa Rabai tarehe 12 Machi 1944, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mung'aro wa Menza, aliyekuwa mwalimu wa katekisimu na mwandishi wa baraza la chifu, na marehemu mama yetu Kadzo. Alisoma Rabai kuanzia 1952 hadi 1959, akaja kisiwani kwa masomo ya sekondari mwaka wa 1960, akakaa kwa shangazi yetu aliyekuwa akipika katika nyumba moja ya Kizingo, na hapo ndipo alipoanza tabia yake ya kuuliza swali, akijibiwa, kuliuliza tena kwa upande wa pili, hata shangazi akawa anamfukuza jikoni kwa mwiko. Mwaka wa 1966 aliingia chuo kikuu Nairobi, akahitimu 1969, akafundisha shule kwa miaka miwili, kisha Septemba 1971 akaenda Uingereza kwa masomo ya falsafa ya maadili na ya sheria. Alirudi mwaka wa 1976 akiwa na digrii ya uzamivu, kwa tasnifu ya kurasa mia tatu na kumi na moja juu ya shaka, yaani hakimu anapokuwa na shaka moyoni afanye nini, na ni shaka ya kiasi gani inayotosha kumwacha mtu huru. Baba yetu aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akauliza kama shaka moja ilihitaji karatasi zote hizo, na Kenga alicheka mpaka akavua miwani.

Alifundisha Nairobi kwa miaka kumi na mitano. Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na mwalimu Beryl Auma, wakajaliwa watoto wawili, Winnie, aliyezaliwa 1979, na Mung'aro, aliyezaliwa 1983, wote mko nao pale mbele. Mwaka wa 1991 chuo kilimleta Mombasa kuongoza kituo chake cha masomo ya jioni, familia ikahamia katika fleti za Ganjoni, na sisi huku nyumbani tukafurahi, maana kila mtu alijua kwamba kitabu chake kinangoja kupigwa chapa ng'ambo na kwamba uprofesa uko njiani.

Sasa naufikia mwaka ule.

Mnamo Novemba 1992, kijana mmoja wa Mji wa Kale aitwaye Abdulhalim, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, muuzaji katika duka la leso la Bwana Saifuddin, Biashara Street, alichomwa kisu kwenye ngazi za nyumba yao wakati wa magharibi, stima zimepotea na ngazi ziko gizani, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Aliyeshtakiwa ni mwenzake wa duka lile lile, ambaye sitamtaja. Kesi ilipoanza Jumatatu tarehe 7 Februari 1994, Dakta Kenga aliitwa kuwa mmoja wa wazee wa baraza, wale raia watatu wanaoketi na jaji katika kesi ya mauaji, kila mmoja akatoa maoni yake kabla ya jaji kuamua. Shahidi alikuwa mmoja, aliyesema alimtambua mshtakiwa kwa shati. Tarehe 17 Februari jaji aliwauliza wazee, wa kwanza akasema ana hatia, wa pili akasema ana hatia, na wa tatu, ndugu yangu, akasema hana. Tarehe 25 Machi jaji alikubaliana na yule wa tatu, mshtakiwa akaenda zake, na hajulikani alipo hadi leo.

Kenga alirudi nyumbani siku hiyo akala vizuri. Nasema hivyo kwa sababu wengi wenu mnadhani mambo yake yalibadilika siku ile, na si kweli. Alisema sheria imefanya kazi yake, akaendelea kusahihisha mitihani.

Yalibadilika Julai. Alikwenda Biashara Street kumnunulia mkewe leso, na Bwana Saifuddin, bila kujua anazungumza na nani, akamweleza kwamba mama yake Abdulhalim, Bi Mejumaa, amepewa nakala ya hukumu ya kesi ya mwanawe, kurasa sitini na mbili, zote kwa Kiingereza, naye huzitoa kila siku akazitazama kisha akazirudisha kabatini. Jumamosi tarehe 9 Julai 1994, Kenga alipiga hodi kwa mama huyo, nyumba ya nyuma ya Ndia Kuu, akajitambulisha kuwa ni mwalimu, akaomba amsomee karatasi zake kwa Kiswahili. Mama hakumuuliza jina. Alimwonyesha kiti.

Basi akawa anakwenda kila Jumamosi, na nyumbani hakusema neno. Shemeji yangu Beryl ameniruhusu niseme kwamba alidhani kuna mwanamke, na tarehe 19 Novemba mwaka huo huo aliniita.

"Shemeji, wewe humjui mtu anayevaa shati safi kila Jumamosi? Mfuate ukaone."

Nilimfuata, na Mungu anisamehe. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona mama mtu mzima amekaa mkekani akichagua mchele kwenye ungo, na kaka yangu juu ya kiti kidogo, miwani puani, akisoma sentensi moja, kisha akiisoma tena kwa maneno mengine, na mama akitikisa kichwa kukataa. Nilirudi Ganjoni nikatoa ripoti.

"Anamsomea mama mmoja karatasi."

"Karatasi gani?"

"Sikuelewa."

"Wewe nawe!" akasema shemeji, akaingia jikoni, na hakuniambia kama amefurahi au amezidi kuudhika.

Nilipomuuliza Kenga mwenyewe, ndipo aliponieleza habari ya hukumu, akaniambia wamekwama ukurasa wa kumi na tisa. Pale jaji ameandika kwamba kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka yoyote ya maana, na Bi Mejumaa amemuuliza, "Mwalimu, shaka ya maana ni ipi, na isiyo ya maana ni ipi? Nionyeshe mpaka." Alimjibu Jumamosi moja, akamjibu ya pili na ya tatu, kila mara mama akisema, "Hapo umeniambia neno lile lile kwa kulizunguka." Kenga alinisimulia haya huku akitazama mikono yake. Mtu aliyeandika kurasa mia tatu na kumi na moja juu ya jambo hilo, akapewa digrii kwalo, hakuweza kumwonyesha mama mmoja mpaka wake.

Mwezi wa Mei 1995 chuo kilimwandikia kumpa uprofesa, naye akaukataa kwa barua ya mistari miwili, akaandika pia ng'ambo kwamba kitabu kirudishwe. Hapa ndipo familia ilipogawanyika, na sioni haja ya kuwaficha, maana kelele zilisikika mpaka fleti ya tatu. Winnie alilia, wazee walikuja kutoka Rabai kumuuliza ni nani amemroga. Mkuu wa kitivo chake alisafiri kutoka Nairobi kuzungumza naye, na wakati wa kurudi akaniambia kwenye kituo cha treni, "Ndugu yako amepotea." Lakini mtu huyu aliyepotea alikuwa haingii darasani amechelewa, na wanafunzi wake wa jioni, manesi na polisi na makarani, mmenijia wiki hii mkiniambia hamkuwahi kufundishwa vizuri kama miaka ile miwili ya mwisho. Nimeyasikia yote mawili, na sijui niyaweke vipi pamoja.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1995 walifika ukurasa wa hamsini na nane, penye maoni ya wazee wa baraza. Yaliyosemwa hapo nimeyasikia kwake na nimeyasikia kwa mama, na wote wawili hawakutofautiana hata neno. Alisoma maoni ya mzee wa kwanza, akasoma ya pili, kisha akaweka karatasi magotini.

"Soma," mama akasema.

"Mzee wa tatu alisema mshtakiwa hana hatia. Mzee huyo ni mimi, mama."

Bi Mejumaa hakuinua uso. "Nalikujua tangu siku ya kwanza. Nalikuona kortini Jumatatu ile ya kwanza, kabla presha haijanishika nikarudishwa nyumbani, umekaa kuliani mwa jaji na miwani yako hiyo. Nilitaka nione ukifika hapa utajisoma au utajiruka."

"Kwa nini uliniacha niingie?"

"Nilitaka kusikia kesi ya mwanangu. Haya, niambie. Yule hakumuua?"

"Sikusema hakumuua. Nilisema sijui."

"Na sasa wajua?"

"Hata sasa sijui."

"Elimu yote hiyo, bahari umevuka, na jawabu ni sijui?"

Kenga alisema ndiyo. Mama alikusanya mchele wake, akamwambia, "Nimekusikia. Sasa toka nyumbani mwangu."

Akatoka. Kwa miezi minne Jumamosi zilimkuta amekaa kwenye veranda ya Ganjoni na shati lake safi, hana pa kwenda, na shemeji, ambaye mwaka mmoja nyuma alitamani safari zile zikome, ndiye aliyemwambia, "Nenda ukamwombe radhi." Alijibu kwamba hajui aombe radhi ya nini, maana kama angerudishwa kwenye kiti kile mbele ya jaji angesema vile vile, na bado kila akilala anauona uso wa mama yule, na hayo mawili yote ni kweli. Nami nilimwambia mtu hawezi kukaa na mambo mawili namna hiyo. Akasema, "Kazungu, ndiyo hayo ninayojaribu kuyafundisha sasa." Sikumwelewa wakati ule, na nisingependa mtu yeyote hapa afikiri nimemwelewa leo.

Ilipofika Idi ya Februari 1996, Bwana Saifuddin alikuja Ganjoni na sinia la vileja na ujumbe mfupi kutoka kwa Bi Mejumaa, kwamba kurasa nne bado. Walizimaliza mwezi wa Machi, na baada ya hapo Kenga aliendelea kwenda, bila karatasi yoyote.

Mnamo Juni 1996 alianza kuvimba miguu, akapimwa, figo zikaonekana zimechoka. Alitibiwa kwa miezi tisa, akilazwa na kuruhusiwa, na kwenye kitanda cha hospitali, wiki mbili kabla ya kufa, ndipo aliponiagiza.

"Ukisoma habari zangu, usiruke mwaka wa tisini na nne."

"Watu watasema nini?"

"Watasema hawaelewi. Nawe waambie huelewi."

Dakta Kenga alituaga Jumanne tarehe 11 Machi 1997, saa nne na robo asubuhi, akiwa amebakiza siku moja kutimiza miaka hamsini na mitatu, mkewe akiwa amemshika mkono.

Siku ya Alhamisi Bi Mejumaa alikuja kutuhani. Shemeji alimpisha kwenye mkeka, wakakaa bega kwa bega. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikamuuliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki wa kuulizwa, ndugu yangu alikuwa akitafuta nini kwake, na yeye alimpa nini. Akanijibu.

"Mimi sijui, mwanangu. Aliniudhi sana. Aliyemuua mwanangu yuko nje, na huyu ndiye aliyefungua mlango, sikumsamehe, wala yeye hakuniomba. Lakini Jumamosi ikifika nilikuwa nikichagua mchele, sikio liko nje, nikimsikiliza aje."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, na nimeyasoma mara nyingi tangu Alhamisi.

Kwa niaba ya familia, nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi yote tisa, na hasa wale waliovumilia maswali yake. Majirani wa Ganjoni waliotupikia na kutulalia matanga. Walimu wenzake waliosafiri kutoka Nairobi, pamoja na wewe, mkuu wa kitivo, ambaye umekuja ingawa hamkuachana vizuri. Wanafunzi wa masomo ya jioni. Na Bwana Saifuddin aliyefunga duka Jumatano na Alhamisi. Nakushukuru wewe, Bi Mejumaa, uliyetoka kwako na presha yako na jua hili. Na yule aliyeachiliwa mwaka ule, kama umo humu ndani miongoni mwetu, sina neno la kukuambia, si la shukrani wala la lawama, keti tu na wenzako tumzike.

Kaka yangu, nimesoma yote, sikuruka. Watu wako hawa wananitazama, na wengi naona hawaelewi, nami nimesimama mbele yao nikiwa mmoja wao. Wewe umemaliza. Pumzika, Kenga, mwana wa Kadzo, pumzika kwa amani.