Orrin Hadlund Aiacha Kaunta ya Baruti

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bwana Orrin Hadlund anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024. Alianza hapa dukani mwaka 1990 akiuza chambo na mashati ya kuwindia. Mwaka uliofuata akahamishiwa kaunta ya baruti na fataki, vile vidude vya kuiwasha, kwa wateja wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani, na hapo akaota mizizi.

Wateja wapya walimwogopa. Mtu akiomba baruti ya bastola ya rivolva, Orrin hakugusa rafu. Aliuliza kwanza: rivolva gani? Kichwa cha risasi kina uzito gani? Kitabu chako cha vipimo kinataja fataki ipi? Asiye na kitabu aliuziwa kitabu, si baruti. Meneja alinung'unika kwamba tunafukuza wateja. Orrin akamjibu kwamba mteja mwenye vidole kumi hurudi.

Alipenda baruti inayojaa ganda. Ile kali, alisema, kipimo chake hukaa chini kabisa. Ukipitiwa ukamimina mara mbili, hujui mpaka bunduki ikupasukie. Ile inayojaa hufurika mezani ikakuumbua. Fataki nazo hakuruhusu kubadilishwa ovyo: ukibadili aina, umebadili risasi, rudi kwenye kitabu uanze na kipimo cha chini. Na kila ganda limulikwe kwa tochi kabla ya kuzibwa. Asiyeona ndani ya ganda asijaze. Sheria hiyo ilimgharimu.

Mwaka 2017 alimnyima baruti Clete Amundsen, rafiki yake wa kuwinda tangu ujana, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Clete alifoka mbele za watu: "Mimi najaza risasi tangu wewe hujaota ndevu! Leo umekuwa daktari wa macho?" Orrin akarudisha kopo rafuni. Kwa miaka karibu saba hawakusalimiana, hata kanisani, ambako Clete hukaa benchi la mbele yake. Orrin hakuwahi kulizungumza jambo hilo, lakini lilimuuma, na sisi tuliliona.

Januari mwaka huu, katika darasa letu la Jumamosi la kujaza risasi, wanafunzi walikuwa wakijifunza kwa baruti kali. Orrin akamulika maganda hamsini yaliyosimamishwa kwenye kibao chenye matundu, akasema yote sawa. Mimi ninayeandika haya nilikuwa pembeni yake. Ganda moja lilikuwa na vipimo viwili. Nikamwonyesha. Akainama, akamulika tena, na tena. Hakuona kitu.

Alizima tochi, akafunga darasa, akaandika barua ya kustaafu palepale. Kisha akaniomba nimpeleke kwa Clete. Nilijua anaogopa kufungiwa mlango.

Clete alifungua. Orrin, kofia mkononi, theluji ikimwangukia kichwani, akasema, "Clete, na mimi sioni ndani ya ganda. Leo nimejinyima mwenyewe."

Clete alimkodolea macho, au alijaribu.

"Haya, ingia ndani, kipofu mwenzangu. Baridi itatuua."

Siku hizi wanavua samaki pamoja, na hugombana kila mara nani afunge ndoano. Orrin, tunakushukuru kwa kazi yako yote. Pumzika vizuri, ukae karibu na rafiki yako, na maisha yawe mema kwenu nyote wawili.