Gereji ya Mariana na Gari Lililolala Nje

Padre wetu, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Kakola na wote mliotoka Kharumwa na Runzewe, naitwa Paskazia, dada yake Donatus, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya wifi yangu Mariana Bujiku, mke wa Donatus, ambaye wengi mnamfahamu kama Mama Nelly. Najua tangu juzi mnanong'onezana kuhusu gereji, kama itabaki au itafungwa, nami jibu ninalo, lakini mtalisikia mahali pake.

Mariana alizaliwa tarehe 14 Mei 1974 huko Kharumwa, mtoto wa nne wa mzee Bujiku Mageni na mama Limi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, na kwa kuwa nafasi ya sekondari haikupatikana, alipelekwa kwa mjomba wake Kalisti, fundi wa nira za ng'ombe na vitanda, ili amsaidie kupika. Akaishia kushika randa, na mjomba akila ugali ulioungua alikuwa akisema afadhali, angalau kitanda kimenyooka.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na kaka yangu Donatus katika kanisa la Runzewe, Mungu akawajalia watoto wawili, Nelly mwaka 1998 na Eliya mwaka 2001. Donatus alipopata kazi ya udereva mgodini Bulyanhulu walihamia hapa Kakola, na mwaka 2009 wakamaliza nyumba hii, ambayo kaka yangu aliijenga na gereji ya gari kabisa, wakati gari lenyewe hana, akitwambia kwamba mtu hujenga zizi kwanza, ng'ombe watafuata.

Zizi tupu nalo lina hatari yake. Mwezi Machi 2010, Donatus akiwa zamu, Mariana aliingiza humo misumeno, patasi na randa ya mjomba, akaunda meza ya kazi kwa mbao za mlango wa zamani, na kwa kuwa sakafu ilikuwa imeinamishwa ili maji ya kuoshea gari yatoke, meza ikachechemea, naye akaikata miguu ya upande wa juu mpaka ikatulia. Mumewe aliporudi alikuta pia ukuta wake mpya umetobolewa dirisha la kutolea vumbi. Wakapatana kwamba siku gari litakapokuja, Mariana atahama, na watu wakasema, maana sisi tukiamua kusema tunasema, kwamba mke akishika randa mume atashika mwiko. Kaka yangu akaushika, na wanaomjua wanajua kwamba anapika vizuri kuliko marehemu.

Kilichomtangaza ni kosa. Mwaka 2012 kikundi cha akina mama cha Kharumwa kilimtuma mwenyekiti wao, bibi wa heshima zake, aje kuagiza sanduku la kura kwa ajili ya uchaguzi wao, na kwa kuwa ulimi wa kwetu na herufi R hawajawahi kupatana, bibi akasema sanduku la kula, na Mariana, Msukuma vilevile, hakuona la kuuliza, akatengeneza kabati la chakula la mninga, lenye rafu tatu na wavu wa kuzuia nzi. Siku ya uchaguzi likafunuliwa, tundu la kura halipo. Mariana aliona aibu akataka kulirudisha, bibi akamwambia, mayu, yaani mama, acha hapo hapo, wakapiga kura humo humo, kila mgombea na rafu yake, na baada ya matokeo kila mjumbe akaagiza la kwake. Hadi leo wale akina mama huliita kabati hilo sanduku la kula, na huwezi kujua kama wamekosea au wamepatia.

Mwezi Agosti 2014 gari likafika. Donatus alifungua mlango wa gereji akakuta kabati la bibi harusi limepakwa vanishi haijakauka, halisogezwi wala halitimuliwi vumbi, akasema basi gari lilale nje usiku mmoja. Usiku huo una zaidi ya miaka kumi sasa. Nampenda kaka yangu kwa mengi, lakini kwa hilo namheshimu, kwa sababu alichekwa na hakujibu.

Katika gereji hiyo Mariana aliwafundisha useremala wanawake wawili, Dorah na Violeth, na wote wawili leo wanasomesha watoto wao kwa kazi ya mbao. Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Mwanza, na alipozidiwa aliogopa jambo moja tu, kwamba akifumba macho mashine za useremala alizozinunua kidogo kidogo zitagawanywa kwa ndugu na Dorah na Violeth watabaki mlangoni. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, majirani mliovumilia vumbi kwenye nguo zenu, wafanyakazi wenzake Donatus, jumuiya, na vijana wa bodaboda waliobeba mbao ndefu kuliko pikipiki. Wabeja sana.

Sasa jibu lenu. Jana jioni ukoo ulikaa, wapo waliosema mashine ziuzwe na gari liingie ndani, na Donatus, ambaye mnajua si mtu wa maneno, alisema gari limeshazoea mvua, kisha akaondoka kwenda kuwapikia wageni. Kikao kikaishia hapo. Funguo anazo Dorah, Violeth ndiye mwenzake, mashine hazigawanywi, na Jumatatu asubuhi mlango utafunguliwa.

Wifi yangu, umesikia. Pumzika, na usiamke tena kuangalia kama gundi imekauka.