Karai la Udongo wa Nasib Kaur

Ndugu waombolezaji, mimi ni Jagsir Singh, mdogo wa mume wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome, ingawa nilistahili kuwa mtu wa mwisho kupewa.

Marehemu Nasib Kaur alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 kijijini Dhingarwala, wilaya ya Bathinda, akasoma shule ya hapo hapo hadi darasa la tano, mwaka 1964, alipotolewa akachunge nyati wa kufugwa, jambo alilolisimulia akicheka, ingawa daftari zake alizitunza. Tarehe 21 Novemba 1972 aliolewa na kaka yangu Mukand, wakajaliwa binti mmoja, Rupinder, na kaka alipofariki mwaka 1991 alibaki na ekari tatu za dengu, akazilima mwenyewe.

Dengu zake mlizijua nyote. Ukiung'oa mche, mizizi ilijaa vifundo, maana udongo ule ulikuwa na vijidudu vinavyoilisha mimea, na kila aliyefungua shamba jipya alimwendea kuomba karai moja la kuchanganya na mbegu, kama ilivyo desturi yetu, akapewa bure, na chai juu yake.

Oktoba 1998 alikwenda kumuuguza Rupinder, akaniachia niwagawie udongo watu saba aliowaahidi. Shamba lake liko ng'ambo ya mfereji, nikaona uvivu, nikachota kwenye tuta langu, palipojaa gugu karoti lililokwisha kupukutisha mbegu. Jamani, nilijua. Dengu zangu zilizokuwa karibu na gugu lile zilikuwa njano, mizizi mitupu, kwa kuwa sumu yake huviua vile vijidudu, kisha ndipo linapoinyang'anya mimea maji na mwanga.

Msimu uliofuata mashamba saba yalijaa maua meupe ya gugu hilo, mkasema, "Huyu mjane katuletea balaa makusudi," hakuna aliyemwomba udongo tena, nami nilikaa kibarazani nikitikisa kichwa pamoja nanyi.

Yeye aliliona shimo kwenye tuta langu siku ile ile aliporudi. Maneno yalipoanza aliniambia, "Shemeji, una mabinti wawili wa kuozesha, nyamaza tu, mimi kusemwa nimeshazoea." Nikanyamaza kweli. Kila mwaka akaja kung'oa gugu lile mashambani mwenu kwa mikono mitupu, mkadhani anajutia kosa lake.

Mwaka 2009 mikono ilianza kuchubuka, 2014 kifua kikambana, daktari akamwambia wazi kwamba ni vumbi la maua ya gugu hilo, hakuacha mpaka pumzi ilipomkatalia, akafariki tarehe 2 Septemba 2021, saa nne asubuhi, akiwa ameketi, maana kulala alikuwa hawezi tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Bibi Amarjit aliyemletea mtindi kila siku, na wanawake wenzake wa palizi. Ninyi wa mashamba saba, udongo ule ulikuwa wangu. Mabinti zangu wameketi pale mbele, nao wanalisikia leo kwa mara ya kwanza. Shemeji, niliogopa aibu hii miaka ishirini na mitatu, ukanibebea wewe. Sasa pumua, upumzike kwa amani.