Pikapu la Mzee Tobia na Kamati ya Benchi

"Hivi, kuna mtu hapa amewahi kuliona gari hili limelala pahali tambarare?"

Swali hilo liliulizwa kijiweni kwetu Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka huu wa sabini na tano, na wanaume watatu wenye umri wa kunizaa hawakulijibu. Mmoja alikohoa. Mmoja alichungulia ndani ya kikombe chake. Wa tatu alisema kahawa ya leo imezidi tangawizi. Na mimi nilikuwepo, na mimi sikujibu, ingawa niko mwaka wa pili Chuo Kikuu na sijawahi kushindwa mdahalo. Nalisema hilo mapema ili nisije nikaonekana nawasema wenzangu tu.

Benchi lenyewe ni gogo la mkaratusi lililochongwa upande mmoja, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la kushonea nguo, pale njia ya kijijini kwetu inapokutana na barabara ya kushukia Lushoto. Mzee Saidi, muuza kahawa, huleta buli lake na makaa jua likishafukuza ukungu, na kahawa ikiisha huondoka, hata kama hoja iko katikati. Wenye benchi ni watatu. Hamisi, balozi wetu wa nyumba kumi, huitwa Mjumbe. Hawezi kuomba sukari bila kuanza na "ndugu wananchi". Timotheo, fundi cherehani na mzee wa kanisa, huitwa Askofu. Mussa aliendesha basi la Mombo miaka kumi na moja, mpaka basi likachoka kabla yake. Yeye ni Giaboksi. Wanawake hawakai pale. Mimi likizo hii nilikaa, na kwa hiyo nikaitwa Msomi, neno walilolitamka kama mtu anavyotaja ugonjwa wa kuku.

Ng'ambo ya barabara, mtelemkoni mbele ya nyumba ya Mzee Tobia, ndipo lilipokuwa likilala Kibogoyo. Ni pikapu la dizeli, zito, lenye bodi ya mbao nene, ambalo Tobia alilinunua likiwa kuukuu kutoka kwa watu wa kupasua mbao. Vyuma vya mbele vimeng'oka, ukilitazama linakuchekea kama bibi aliyekwisha meno. Siku zote lilielekea chini, jiwe kubwa limewekwa mbele ya tairi.

Mzee Tobia alikuwa anahamia Tanga kwa mwanawe, na alikuwa analiuza. Waliolitaka ni mama yangu, Secilia, na wenzake thelathini na wanane wa shamba la bustani la wanawake. Kwa miaka mitatu walikuwa wameweka akiba ya fedha za plamu na peasi, shauri ya kabichi. Kila msimu kabichi zetu zinakomaa, mvua inanyesha, lori la mnunuzi linashindwa kupanda, na sisi tunakula kabichi, mbuzi wanakula kabichi, kisha zinazobaki zinaoza mpaka njia nzima inanuka. Msimu ule zilikuwa zimekomaa tena. Na Jumamosi alikuwa anakuja mnunuzi mwingine wa gari, mtu wa Korogwe.

Sasa sikiliza haki ilivyotendeka. Mkutano wa kijiji ulisema gari ni mambo ya kiume, hivyo iundwe kamati ya kulikagua kabla wanawake hawajalinunua. Benchi ndilo likawa kamati. Wanawake wakatoa fedha, wanaume wakatoa maoni. Ilikuwa siku ya nne kamati inakaa, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyekuwa amevuka barabara. Ni hatua ishirini na mbili. Nilizipima mwenyewe.

Mjumbe: Ndugu wananchi, suala la kwanza ni itikadi. Gari hili lilikuwa la mtu binafsi. Limezoea bwana mmoja. Leo tunaliingiza kwa wanawake thelathini na tisa. Litakubali?

Mimi: Likubali nini, Mzee Hamisi? Si chuma hilo?

Mjumbe: Chuma kina mazoea, binti. Panga la marehemu baba likishikwa na mgeni mpaka leo linamkata.

Askofu: Itikadi mimi siijui. Ninachojua, dizeli ni mafuta mazito, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Kitu kizito ndani ya hewa nyepesi kinapanda au kinashuka?

Giaboksi: Kinashuka.

Askofu: Basi. Gari la dizeli huku linatamani kushuka saa zote. Ndiyo maana lile linatazama chini.

Giaboksi: Acha hizo, Askofu. Mimi nimelikuta Soni limebeba mbao mpaka springi zimenyooka, linapanda zile kona kama limealikwa harusini. Injini ile nzima. Sikiliza moshi wake tu.

Mimi: Moshi unasikilizwa, Mzee Mussa?

Giaboksi: Endesha miaka kumi na moja, utausikia.

Mimi: Na ninyi kama kamati, mmeshaliwasha?

Mjumbe: Kamati iko katika hatua ya majadiliano.

Mimi: Na kabichi ziko katika hatua gani?

Mjumbe: Huko Chuo wanawafundisha kuwajibu wazee hivi?

Nilitaka kumwambia kwamba huko Chuo mtu akisema siku nne bila ushahidi anazomewa. Nikameza, kwa sababu wakati ule alitokea Efrazia, mke wa mjomba wangu, amebeba magunia matupu mabegani. Alikuwa amekuja kutoka Magoma, kule chini, kutusaidia kuvuna. Alimpa kila mzee shikamoo yake, mmoja mmoja, magoti yakikunjika. Benchi halikusogea. Mzee Saidi akamgeuzia debe, akakaa, akapewa kahawa. Alikunywa akitazama ng'ambo, akitazama lile jiwe. Ndipo akauliza kama kuna mtu amewahi kuliona gari lile limelala pahali tambarare.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Giaboksi.

Giaboksi: Shemeji, huku kila gari linalala mtelemkoni. Unaweka jiwe, unaingia kulala. Asubuhi unaondoa jiwe, linajiendea, unaachia klachi, mnakwenda zenu. Basi langu lilikuwa hivyo hivyo.

Efrazia: Nimekuelewa, shemeji. Kwetu Magoma mtelemko hatuna, gari tunaliacha popote. Nauliza hili.

Mjumbe: Hiyo ni ulinzi. Mzee Tobia alipitia mgambo. Adui akija, gari limeshaelekea kwa adui, hapotezi muda kugeuza.

Askofu: Siyo mgambo. Amelielekeza kanisani.

Mimi: Mzee Timotheo, kanisa liko nyuma yake.

Askofu: Basi ni unyenyekevu.

Giaboksi: Ni oili, jamani. Usiku oili inakuja mbele, asubuhi injini inaamka imeshapakwa. Yule mzee analitunza gari lake kuliko mke. Hata Mombo halizimi.

Efrazia: Halizimi Mombo?

Giaboksi: Kabisa. Anafika pale karibu na stesheni, anashusha mbao, anakula wali wake, anaongea na watu, gari linanguruma tu. Sisi madereva tulikuwa tunasema huyu ana pesa za kuchoma.

Askofu: Mimi nilisikia anakuwa tayari kumkimbia mama mkwe wake anayekaa kule.

Mjumbe: Mimi nililitolea taarifa. Ubadhirifu wa mafuta.

Efrazia: Lakini Mombo si tambarare kama kwetu?

Giaboksi alikuwa ameinua kikombe. Alikirudisha polepole, akakiweka chini kabisa, kwenye udongo.

– Stata, alisema. Stata imekufa. Akilizima pale, hana mtelemko wa kuliwashia.

Watu walioishi maisha yao yote kwenye mlima hawaulizi kwa nini gari limeelekea chini. Kila gari limeelekea chini. Giaboksi alikuwa amelitazama pikapu lile miaka yote, na lile jiwe, na ule mngurumo wa Mombo, akaviona vyote ni heshima ya dereva mzuri. Ilibidi aje mtu wa bondeni.

Niliinuka, nikavuka zile hatua ishirini na mbili. Mzee Tobia alikuwa barazani anachambua maharage.

– Shikamoo, baba.

– Marahaba, mwanangu.

– Baba, stata ya gari lako inafanya kazi?

– Haifanyi. Mwaka wa nne huu.

– Na ulikuwa unamwuzia mama yangu hivyo hivyo?

Alinitazama bila hasira.

– Mwanangu, siku ya nne leo nawaona wale wamekaa pale wananijadilia gari langu. Nasubiri mmoja aje aniulize. Jumatatu nilichemsha mpaka chai.

Nakiri kwamba nilikuwa na hotuba tayari, na hotuba ile ikakosa pa kwenda.

Niliporudi benchini, Mjumbe alikuwa ameshafikia uamuzi. Kamati inapendekeza gari lisinunuliwe, wanawake wagawane fedha zao, wangoje lori kama zamani. Alisema bila shida, kama mtu anayefunga dirisha. Miaka mitatu ya plamu.

Mama alifika saa sita akitoka shambani, na wenzake kama kumi nyuma yake, kabichi vichwani. Alisimuliwa yote na Efrazia. Hakumwuliza Mjumbe neno. Alimgeukia Giaboksi.

– Ndugu Mussa. Likishawaka, linapanda?

– Linapanda, mama. Dizeli ikishakamata haidai stata tena. Hata betri haina habari nayo.

– Na mzigo?

– Na mzigo. Hapo naweka jina langu.

– Na likizimika pahali tambarare?

– Hapo ni kusukuma. Linataka watu wenye nguvu saba, wanane. Ni zito lile, nisikudanganye.

Mama aligeuka akawatazama wenzake, wale waliokuwa wamesimama na kabichi vichwani wakimsikiliza bila kuegemea kitu.

– Sisi tuko thelathini na tisa, alisema.

Mzee Saidi ndiye aliyecheka wa kwanza.

Ijumaa jua lilipochomoza tulikuwa kwenye uwanja wa shule, penye tambarare pekee kijijini. Lilikuwa wazo la Efrazia: lijaribiwe likiwa baridi, na likiwa na mzigo. Jioni iliyotangulia Tobia alikuwa amelishusha pale, akalizima mbele ya macho yetu, na bodi ikajazwa magunia ya kabichi. Asubuhi majani yalikuwa na umande wa kuuma vidole. Giaboksi akakaa kwenye usukani, gia ya pili, mguu kwenye klachi. Sisi nyuma.

Mara ya kwanza lilikohoa likanyamaza. Askofu, aliyekuwa kando akiomba kwa sauti, akaambiwa na mama yangu kwamba anaweza kuomba huku anasukuma, na akaja, lazima niseme ukweli. Mara ya pili liliguna, likatutemea moshi mweusi usoni. Mara ya tatu hata Mjumbe alikuwa begani kwangu, akihesabu "moja, mbili, ndugu wananchi", na Kibogoyo likashika. Liliondoka mikononi mwetu ghafla kiasi kwamba Tatu, mdogo kuliko wote kikundini, alianguka kifudifudi, akabaki pale pale chini akicheka. Giaboksi alilizungusha uwanja mara mbili, kisha akalipandisha njia ya juu yenye kona ile mbaya, na mzigo wote, na tukalisikia likipanda mpaka sauti yake ikaanza kuwa ndogo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni moshi.

Mzee Tobia alipunguza bei bila kuombwa mara ya pili, kiasi cha kutosha kutafutia stata nyingine Tanga. Alisema na jiwe anatuachia. Mtu wa Korogwe alikuja Jumamosi akakuta pale mtelemkoni pamebaki alama za tairi.

Taarifa ya kamati ninayo nakala yake. Inasema: "Baada ya uchunguzi wa kina, kamati imeridhika na hali ya gari." Jina la Efrazia halimo. Nililiongeza mwenyewe kwa kalamu, juu kabisa, na Mjumbe alipoliona hakulifuta. Alisema tu mwandiko wangu ni mbaya kwa mtu wa Chuo.

Kabichi za msimu ule hazikuoza. Karoti ziko njiani kukomaa, na safari hii tumepanda eneo mara mbili, kwa kuwa sasa tunajua zitatoka. Giaboksi anaendesha, na siku ambazo hakuna safari anamfundisha Tatu uwanjani pale pale, akimfokea kwa furaha ambayo sijawahi kuiona benchini.

Limebaki jambo moja. Fundi wa Tanga anasema stata itapatikana mwezi wa tisa, huenda wa kumi. Mpaka hapo, kila Jumanne na Ijumaa Kibogoyo linashuka Mombo na wanawake sita juu ya magunia, maana zaidi ya sita halichukui. Mombo ni tambarare, na bei ya dizeli ya siku hizi hairuhusu mtu aache injini ikinguruma wakati anauza. Tunazima. Kisha sita hawatoshi.

Kwa hiyo nakuomba. Ukiwa Mombo siku hizo, karibu na stesheni, ukaona pikapu lisilo na meno ya mbele na wanawake wa mlimani wameweka mikono nyuma yake, weka mzigo wako chini, uje usukume.